Mtu wa Ndani ya Miwani

Kamina, 12 Novemba 2023

Priscille bibi yangu,

Barua yako ya kwanza ilinifikia ndani ya kikapu cha samaki, na mpaka leo inanuka. Usiombe radhi. Hapa Kamina sina kitu kingine kinachonuka nyumbani. Marie-Thérèse, yule mchuuzi wa samaki, alinipa mbele ya wenzangu wote wa kazi, akapaza sauti: "Maurice, bibi yako wa mu foto anakusalimia!" Wakacheka mpaka shefu wetu Mukendi akatukemea.

Umeniuliza kazi yangu ni nini hasa, kwa sababu Mama anakuambia mimi ni "muntu wa reli" kana kwamba naendesha treni. Siendeshi treni. Tunang'oa mataruma mabovu na kuweka mengine. Reli moja tunaibeba watu kumi na wawili, kwa makoleo ya chuma, wawili wawili. Mukendi anaimba, sisi tunajibu, na kwa lile jibu reli inapanda. Ukichelewa kujibu, uzito wako unamwangukia jirani. Basi, hiyo njo kazi yote. Nilisoma mpaka darasa la sita, na kwa kazi hii hata la kwanza lingetosha.

Uko kwa Mama yangu tangu mwezi wa nane. Mimi nakujua kwa foto moja, wewe unanijua kwa foto moja. Siku ya ndoa ndugu yangu Élisha alisimama mahali pangu, foto yangu mkononi. Wengi wa kazi za mbali wameoa hivyo, najua, lakini nikiiwaza siku ile naona haya. Nisikufiche: ile foto ni ya miaka sita iliyopita, na koti si langu.

Sijui mume anamwandikia nini mke ambaye hajamwona. Kwa hiyo nitakusimulia jambo la hapa, ucheke.

Jumapili baada ya misa tunakwenda kwa mzee Tshimanga, dereva wa treni wa zamani, mtu wa Kasai aliyezeekea Kamina. Ana tele kubwa, televisheni, na paneli ya jua ya kuiwasha. Anaigeuzia tele dirishani, sisi tunakaa uani. Wanaonyesha seri ya mapenzi ya Korea, kipande kwa kipande. Mimi nilisema ni Wachina. Binti yake Kabedi, mwalimu wa shule, akanicheka: "Ah, Papa Maurice, Korea iko inchi yake!" Yeye njo anatutafsiria, maana mle wanasema Kifaransa cha mbio.

Kuna msichana wa ofisi aliyechoka na wanaume. Akapewa miwani mikubwa, myeusi, kama ya mchomelea vyuma. Akiivaa anamwona mwanaume mzuri, mrefu, mpole, anayemuuliza kila siku kama amekula. Lakini huyo mtu hayuko popote. Mashine imemtengeneza. Wanatembea kando ya bahari, wanashikana mikono, kumbe yeye yuko chumbani peke yake anashika mkono wa kiti. Siku moja mama yake aliingia akamkuta analibusu kabati. Akafikiri ni pepo, akammwagia ndoo ya maji. Mzee Tshimanga alicheka mpaka meno yake ya bandia yakaanguka. Msichana tunamwita Mama Miwani. Mwanaume tunamwita Mtu wa Ndani.

Mukendi akanigeukia: "Maurice, huyu njo weye! Weye pia uko na bibi wa mu miwani!"

Nilicheka na wengine. Mwezi wa sita, barabara zikikauka, nitakuja kuweka figa lako la tatu.

Bwana yako,
Lumbu Maurice


Kabondo-Dianda, 3 Desemba 2023

Yaya Maurice,

Nakuita Yaya, mkubwa wangu, kama Élisha anavyokuita. Mama hajambo, Élisha hajambo, mbuzi mweusi amezaa. Sasa tuache salamu, kwa sababu wanawake wananisubiri niwaandikie maswali yao.

Nilisoma barua yako kwenye vichanja vya samaki. Unisamehe, niliisoma kwa sauti, ila mahali pa koti niliparuka. Nilianza kwa ajili ya jirani yetu Mama Numbi, aliyeniomba nimsomee habari za Kamina. Nilipofika kwenye kabati moto ulizimika, hakuna aliyeangalia samaki tena. Mama Numbi akauliza: "Huyo mwanaume wa mashine, anakulaka?" Nikasema hali. Akapiga makofi: "Basi njo mwanaume muzuri! Muniletee na minyi moja!" Sasa kila mmoja anataka kujua kama Mama Miwani atazaa na hewa.

Uliandika kuhusu figa la tatu. Mama alinionyesha nyuma ya nyumba: mawili yamekaa mahali pake, la tatu liko kando, linakaliwa na kuku. Kwa ukoo wenu mke hapiki jikoni kwake mpaka mume aliweke la tatu kwa mikono yake. Nimekubali. Lakini ujue kwetu Malemba-Nkulu hakuna hiyo. Kwetu mke anaweka mafiga yote matatu, mume anaitwa tu aje kula. Nimechoka kupika chini ya macho ya Mama. Anahesabu mara ninazogeuza mwiko nikisonga bukari.

Umeniambia ya koti, mimi nikuambie ya jino. Kwenye foto nimefumba mdomo kwa sababu nimepungukiwa jino moja la mbele. Sasa tuko sawa.

Baba yangu angeipenda sana hadithi hii. Alikuwa mtu wa utani. Hata jambo zito aliligeuza kicheko, na utani wangu mwingi nimeurithi kwake. Siku moja nitakusimulia habari zake, ukiuliza.

Na wewe, ukicheka, unachekaje? Foto haicheki.

Bibi yako,
Mbayo Priscille


Kamina, 7 Januari 2024

Priscille,

Waambie wanawake hawezi kuzaa na hewa, ila mambo yamekuwa makubwa.

Mtu wa Ndani ameanza kusema maneno ambayo mashine haikufundishwa. Mama Miwani alikuwa na homa, akavaa miwani akiwa kitandani. Badala ya kumwambia yeye ni mzuri kama mwezi, Mtu wa Ndani akasema: "Mama yangu alikuwa ananichemshia tangawizi." Sasa mashine ina mama? Kabedi akatuambia tutulie. Kumbe nyuma ya mashine kuna fundi, mtu wa kweli, aliyewekwa kuiangalia. Amempenda huyu msichana, anaingia ndani ya Mtu wa Ndani na kusema naye. Uso wake bado hatujaonyeshwa. Tunaona mgongo tu, na mikono inayoandika.

Hapo uani pakawa vita. Mukendi anasema fundi ni mwizi, amevaa sura ya mwingine. Mzee Tshimanga anasema hapana, sura ni koti tu. Mimi nilikuwa nafikiri koti langu.

Nikikaa na barua yako wenzangu wananiuliza: "Leo bibi wa foto anasema nini?" Ninawaambia hayawahusu. Nikibeba reli asubuhi nakuwa tayari nimeanza kukujibu kichwani, na Mukendi ananipigia kelele kwamba naimba nje ya wimbo.

Jino halinisumbui. Miezi mitano imebaki.

Maurice


Kamina, 18 Februari 2024

Ndugu yangu Élisha,

Soma hii peke yako, kisha uichome.

Tarehe 19 ya mwezi wa kwanza tulikuwa tunashusha reli, kuna manyunyu. Usitafute wa kumlaumu. Mtu wa nyuma yangu aliteleza kwenye kokoto, uzito ukaja wote kwangu, reli ikaniangukia mguu wa kushoto. Hospitali walihangaika siku nane. Siku ya tisa daktari akaja na Mukendi, nikajua, kwa sababu Mukendi hajui kuficha uso. Wamekata chini ya goti.

Wenzangu walinitolea damu. Siwezi kusema kuna aliyenitenda vibaya. Mzee Tshimanga amenipa kibanda chake cha jiko nyuma ya nyumba. Kazi yangu sasa ni kulinda paneli na kuigeuza ifuate jua, mara tatu kwa siku. Mimi niliyebeba reli nimekuwa mgeuza paneli. Asubuhi naamka unyayo wa kushoto unaniwasha, nanyoosha mkono kuukuna, nakuta blanketi.

Usimwambie Mama. Na Priscille usimwambie kabisa. Marie-Thérèse hajaniona, barua anampa Mukendi, Mukendi ananiletea, na nimemwapisha.

Élisha, yule mwanamke ameolewa na foto yenye miguu miwili. Nikimwambia leo, atasema "njoo tu," kwa sababu amefundishwa vizuri na Mama yuko pembeni anasikiliza. Atasema kwa huruma. Huruma nimeiona hapa, nimeshiba. Nataka kujua moyo wake kabla huruma haijaingia. Nitaupima kwa njia yangu.

Ulisimama mahali pangu siku ya ndoa. Sasa nisaidie kwa kunyamaza.

Mkubwa wako,
Maurice


Kamina, 25 Februari 2024

Priscille,

Nisamehe kimya. Kulikuwa na kazi nyingi na mvua.

Seri imefika mahali pagumu. Leo tumeona uso wa fundi. Ni mtu wa kawaida, si mzuri wala mbaya. Lakini ana mguu mmoja. Zamani alipata ajali kazini, wakamkata. Njo maana alijificha nyuma ya mashine. Ndani ya miwani Mtu wa Ndani anacheza dansi, anaruka ngazi, anambeba Mama Miwani mgongoni wakati wa mvua. Nje, fundi anahangaika kufika chooni.

Sasa anataka kumwambia ukweli, anaogopa. Kipande kimekatika hapo, na Kabedi anasema kinachofuata hakijulikani.

Hapa watu wamegawanyika. Nataka kusikia na huko. Wasomee wanawake, uwaulize: Mama Miwani afanye nini? Ampokee, au afunge mashine? Uniandikie walivyosema, neno kwa neno, usirekebishe. Na wewe pia useme lako.

Maurice


Kabondo-Dianda, 17 Machi 2024

Yaya Maurice,

Nimecheka leo mpaka mbavu zinauma, na nitakupa yote neno kwa neno kama ulivyoagiza.

Nilisoma mahali pa mguu, wakapiga mayowe kama wameibiwa. Mama Numbi alisimama na samaki mkononi: "Afunge mashine! Afunge leo! Miezi yote anamubeba mu mugongo, kumbe mugongo wa nani?" Mama Kabange mwenye mapacha akasema: "Minyi niko na batoto babili wa kubeba, mwanaume akuje atembee mwenyewe." Na Mama yetu, ambaye kwa kawaida anajifanya hasikilizi, akasema bila kuinua macho: "Muguu moja, nani atalima? Iko kazi juu ya kazi."

Wakanigeukia: "Na weye, mwenye barua?" Nikasema: "Mimi nampokea. Nusu mtu, nusu bukari, sufuria itapumzika!" Wakaanguka. Mama Numbi alikalia kikapu cha watu, kikavunjika. Mpaka jioni walikuwa wanaitana "Nusu Bukari" njiani.

Élisha peke yake hakucheka. Alikuwa anatengeneza nyavu, akainuka akaenda zake. Sijui ana nini siku hizi. Nikimsemesha anaangalia chini.

Mwandiko wako umekuwa mdogo na umelala upande mmoja. Unaandikia wapi sasa? Usiwe mgonjwa ukanificha.

Nimepanda muhogo nyuma ya mafiga yetu, majani ya sombe yatakuwa karibu na sufuria. Yule kuku nimemfukuza juu ya lile la tatu. Nimeliosha. Juni iko karibu.

Priscille


Kabondo-Dianda, 18 Machi 2024

Yaya,

Sijui kuandika vizuri kama wewe, nitasema kwa ufupi. Nilikuwepo waliposoma. Najua utaisoma barua yake vibaya. Wale walikuwa wanacheka seri, hawakuwa wanakucheka wewe. Hawajui.

Mwambie. Ukimwandikia sasa, mwezi wa tano atakuwa ameshalia ameshamaliza, mwezi wa sita tutakuja kukuchukua kwa pikipiki, mimi na yeye.

Mimi siwezi kukaa naye uani tena na neno hili kooni. Ananiuliza habari zako. Ananiuliza unachekaje.

Mdogo wako,
Élisha


Kamina, 14 Aprili 2024

Élisha,

Nimesoma ya kwako na ya kwake. Ya kwake nimeisoma mara nyingi zaidi.

Nusu mtu. Aliandika kwa mkono wake, hakulazimishwa. Na Mama yangu mzazi, aliyeniosha miguu yote miwili, amesema mimi ni kazi juu ya kazi. Nilitaka neno lisilo na huruma, nimelipata. Siwezi kulikataa kwa sababu ni chungu.

Unasema walikuwa wanacheka seri. Ndugu yangu, mtu anasema moyo wake wakati gani, kama si wakati anafikiri jambo si lake? Nimeona hapa barabarani. Mbele yangu wananiambia "Papa Maurice, pole." Nikishapita, nasikia wanaigiza mwendo wangu.

Kwa hiyo nimeamua, usinibishie. Barua nyingine iliyo ndani ya hii umpe Baba Mkubwa Nkulu. Nimemwambia namwachia Priscille, na kwamba wewe umchukue. Ulisimama kwenye ndoa ile kwa miguu yako, una nguvu, una nyavu. Weka lile figa wewe. Uwaambie wazee sababu ni kazi imenishika. Usiseme mguu. Nakukataza.

Kesho nitamwandikia yeye mwisho wa seri, maana wanawake wanaungoja.

Maurice


Kamina, 15 Aprili 2024

Priscille,

Huu njo mwisho.

Fundi alijificha, akasikiliza Mama Miwani anavyosema na rafiki zake. Akasikia kwamba hawezi kuishi na mtu wa namna ile. Hakumlaumu. Alirudi kwenye mashine, akambonyeza Mtu wa Ndani, picha ikazimika. Mama Miwani akavua miwani, akakuta chumba kile kile na kiti kile kile. Baadaye akaolewa na mwanaume wa jirani, mwenye afya.

Watu hapa walisema ni mwisho mzuri. Wasalimie wanawake wa samaki. Usiniandikie tena, wazee watakuambia mengine.

Lumbu Maurice


Kabondo-Dianda, 2 Juni 2024

Maurice,

Sikuiti Yaya. Naandika nikiwa nimekalia mzigo wangu, pikipiki inakuja. Barua hii itapokewa na mikono yako, si ya Mukendi, kwa sababu Marie-Thérèse sasa anajua unapolala.

Wazee waliniita siku tatu zilizopita. Baba Mkubwa Nkulu akasoma karatasi yako mbele ya watu. Akasema kazi imekushika, nyumba haiwezi kukaa bila mtu, nitakuwa wa Élisha. Nikamuuliza Élisha mbele yao: "Sababu ni hiyo kweli?" Akaangalia miguu yake, yote miwili. Nilifikiri una mwanamke huko. Nilikutukana usiku na mchana.

Jana Marie-Thérèse akarudi kutoka Kamina. Mukendi alipelekwa kazi ya mbali, basi yeye mwenyewe akaulizia njia mpaka kwa mzee Tshimanga, Jumapili, watu wamejaa uani, wanairudia ile seri tangu mwanzo. Anasema ulipomwona ulijificha nyuma ya nguo zilizoanikwa. Lakini magongo uliyaacha ukutani, na chini ya shuka la watu ukaonekana mguu mmoja. Hakukuita. Alimwinamia yule mwalimu, akamuuliza: "Na yule fundi wa mguu mmoja anatokea wapi?" Mwalimu akashangaa. Akasema katika seri hii hakuna mtu wa mguu mmoja.

Hapo nikazitoa barua zako zote nikazisoma tena. Nikaona mahali ulipoanza kuniuliza jambo lako kwa mdomo wa Mkorea.

Sasa nikusimulie habari za baba yangu, ingawa hukuuliza. Niliandika "ukiuliza", nikangoja. Uliniuliza ya Mama Miwani, hukuniuliza ya kwangu hata moja.

Wenye silaha walipopita kwetu Malemba-Nkulu nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Walimkata baba mkono wa kulia hapa kwenye kiwiko. Alipona. Aliishi miaka tisa baada ya hapo, alilima kwa mkono mmoja, alimpiga kaka yangu kofi kwa mkono mmoja, na alimzalisha mama yangu watoto wawili zaidi. Kila siku mama akitenga chakula, baba alisema: "Nusu mtu, nusu bukari; sufuria ipumzike!" Mama anamjibu: "Kula yote, mwongo weye." Kwetu hilo ni neno la mezani. Nililisema siku ile kwa sababu nilimkumbuka. Nililisema kwa mapenzi. Nilisema "nampokea", Maurice. Neno la kwanza. Tafuta barua uangalie. Liko hapo, limetangulia utani.

Mguu ningeuzoea wiki moja. Ningekuosha kidonda, ningekutukana ukiacha magongo njiani watu wakajikwaa. Nimekulia humo, naijua kazi yake, na huruma haimo. Lakini ulikaa huko ukanisikiliza kama mwizi anayesikiliza nyuma ya ukuta, halafu ukanitoa kwa ndugu yako kama kikapu kilichobaki sokoni. Hilo siwezi kulizoea. Mashine ulikuwa nayo wewe. Mimi nilikuwa hapa, na jino langu, nakuandikia ya kweli.

Élisha amelia, amesema yote. Sina ugomvi naye. Sitaolewa naye. Mama yako naye analia, maana amekumbuka alichosema. Mwandikie Mama yako.

Leo asubuhi niliweka figa la tatu mimi mwenyewe. Halikuwa zito. Nikawasha moto, nikasonga bukari, nikapika sombe ya muhogo wangu, Mama akiwa amesimama mbali, hakuhesabu mwiko. Nikaikata bukari katikati. Nusu nimekula. Nusu nimeiacha kwenye sahani juu ya mafiga, nimeifunika. Ni yako. Mpaka barua hii ikufikie itakuwa imeliwa na kuku.

Nakwenda kwa mama yangu.

Mbayo Priscille


Kamina, 23 Juni 2024

Priscille,

Marie-Thérèse anasema Malemba-Nkulu si njia yake, lakini watu wa huko wanashuka soko la Kabondo, na kama atamwona mmoja atampa. Sijui kama itafika. Naandika.

Nilitafuta barua yako ya Machi. Ni kweli. "Mimi nampokea." Liko mwanzo wa mstari. Nimeisoma ile barua labda mara thelathini, na kila mara jicho langu liliruka hapo likaenda kukaa kwenye "nusu mtu". Wewe uliruka koti langu mbele ya wanawake ili wasinicheke. Mimi niliruka neno lako.

Nimemwandikia Mama.

Mwisho niliokuandikia ni uongo, unajua. Sasa nikupe ule wa kweli, kwa sababu uliwasomea watu na wana haki yao.

Fundi alikuwa mfupi. Kichwa kimeanza kupata upara, shati lina doa la mchuzi, na anamzidi Mtu wa Ndani umri kwa miaka kumi. Alikwenda mpaka mlangoni kwa Mama Miwani, ameshika ile miwani mkononi, akagonga. Alikuwa ametayarisha maneno mengi ya kuomba msamaha. Mama Miwani akafungua. Akamtazama kutoka juu mpaka chini. Halafu akasema: "Sauti yako naijua. Mbona ulichelewa hivyo? Ingia, chakula kinapoa." Akacheka. Fundi naye akacheka, kicheko kibaya cha mtu anayelia. Mzee Tshimanga akapiga makofi, uwanja wote ukapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 25 Februari. Watu walikuwa bado wanapiga makofi nilipomwomba Kabedi kalamu, nikakuandikia kwamba fundi ana mguu mmoja na kinachofuata hakijulikani. Nilikuwa nimekiona kwa macho yangu. Nilisema moyoni, hiyo ni Korea, kwetu haitokei.

Leo paneli nimeigeuza mara mbili, bado moja.

Uliniuliza mwezi wa kumi na mbili ninachekaje, sikukujibu. Nacheka bila sauti, mabega tu yanatikisika. Wenzangu wanasema nafanana na mtu mwenye baridi.

Na mimi sasa nauliza, nimechelewa, nauliza hivyo hivyo: baba yako aliitwa nani? Mkono ule mmoja uliobaki, alishikaje jembe?

Lumbu Maurice